Wanja wa Gari

Zipo kazi ambazo mtu akizitaja mbele ya wakubwa wenzake huchekwa kwanza, kisha ndipo husikilizwa. Yangu ni mojawapo. Mimi ni mwalimu katika chuo cha kufundishia walimu, umri wangu umevuka miaka 30 na unaikaribia 40, na siku za Jumamosi, nikiisha kusahihisha madaftari, hukaa barazani kwangu nikapaka rangi magari madogo ya kuongozwa kwa redio. Katika kazi hiyo yote, sehemu inipendezayo zaidi ni nyembamba kama unyasi. Ni ule ukingo uzungukao madirisha ya gari, mweusi au wa kung'aa, ambao mpita njia hautambui mpaka ukosekane.

Hebu litazame gari lolote lililosimama barabarani. Bati lenye rangi na kioo havigusani vyenyewe. Kati yao upo mpira unaokishika kioo, na katika magari mengi ya zamani upo pia utepe wa madini unaong'aa juu ya mpira huo. Mpira uliwekwa ili kuzuia maji na mtikiso. Lakini mtazamaji hana habari na maji, naye huuona ukingo ule kama auonavyo wanja katika macho ya bibi arusi. Jicho lisilopakwa wanja ni jicho vilevile, na huona vilevile. Ila likipakwa, uso mzima hukaa mahali pake. Hali kadhalika kanga. Likate pindo lake, nacho kitabaki kitambaa kizuri chenye maua, wala hapana mwanamke atakayekiita kanga. Gari dogo lililopakwa rangi nzuri bila ukingo wa madirisha hufanana na kipande cha sabuni kilichochongwa na mtoto hodari. Utasema, "Kweli, amejitahidi." Hutasema, "Hili ni gari."

Pengine msomaji hajapata kuliona gari la namna hii karibu. Aghalabu huwa sehemu ya kumi ya gari la kweli, urefu wake kama sentimita 40 na zaidi kidogo, na ndani yake mna betri, mota, na chombo kidogo kipokeacho amri kutoka kwa mtu asimamaye mbali akiwa na kiongozi mkononi. Wajapani walisaidia sana kuyaeneza. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka, ilitoa gari lake la kwanza la namna hii mwaka 1976, nalo lilikuwa Porsche 934. Ganda la gari hilo lilikuwa la plastiki ngumu, lililopakwa rangi kwa nje kama mlango wa nyumba. Kupaka ukingo wa dirisha juu ya ganda gumu si kazi ya kutisha: mpira wenyewe umekwisha chorwa na kiwanda, umeinuka kidogo juu ya plastiki, nawe waufuata kwa brashi nyembamba, na rangi ikitoka nje ya njia waifuta kabla haijakauka. Sitakawia hapo.

Magari ya mashindano ni habari nyingine. Ganda lake hufanywa kwa polikaboneti, plastiki nyembamba iliyo wazi kama kioo, unene wake upata milimita moja. Plastiki hii iligunduliwa mwaka 1953 na watu wawili wasiojuana habari: Hermann Schnell katika kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox katika kampuni ya General Electric huko Marekani. Ukiigonga hunyumbuka ikarudi, na kwa sababu hiyo ndiyo ifanywayo ngao za askari wa kuzuia ghasia. Mwaka huohuo wa 1953 ndio yalioanza mashindano ya magari ya Safari katika Afrika Mashariki, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mambo haya mawili hayakuhusiana hata kidogo, wala sitaki kuyaozesha kwa nguvu. Nayataja kwa kuwa yalikuja kukutana juu ya meza yangu, kama nitakavyosimulia.

Ganda la polikaboneti hupakwa rangi kwa ndani. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Gari la mashindano hupinduka, husuguana na changarawe, hugonga nguzo. Rangi ikiwa nje ingekwisha katika siku moja. Ikiwa ndani, plastiki yenyewe ndiyo inayochubuka, na rangi hukaa salama nyuma yake kama picha nyuma ya kioo. Lakini jambo hili hupindua kazi nzima. Apakaye ukuta huanza na rangi ya chini na kumaliza na ile itakayoonekana. Apakaye ganda huanza na ile itakayoonekana, na kila ifuatayo hujificha nyuma ya iliyotangulia. Kitu kilicho juu kabisa katika gari la kweli, hicho ndicho cha kwanza kupakwa. Na rangi ya kwanza ikiisha kushika, hapana tena njia ya kuipita ili kuitengeneza, kwa maana mbele yake ipo plastiki na nyuma yake zipo rangi nyingine.

Mtu aliyenifundisha kulifikiri jambo hili vizuri hakuwa amewahi kuligusa ganda la polikaboneti maishani mwake.

Ni mzee jirani yangu. Amepaka magari rangi zaidi ya miaka 40 katika gereji za mjini, tangu alipokuwa kijana wa kusugua msasa na kushika kopo la fundi wake, mpaka alipokuwa yeye fundi wa kushikiwa kopo. Jioni moja alipiga hodi akiwa na mjukuu wake wa kidato cha pili, na mjukuu amebeba sanduku.

"Karibu, mzee wangu," nikamwambia.

"Nimekaribia, mwalimu. Nasikia wewe ndiwe unayepaka magari ya watoto."

"Ya watoto na ya wazee pia, mzee."

"Basi hili ni la wote wawili," akasema, akamwashiria mjukuu afungue. Akalitoa ganda na kuliweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu awekaye yai. Lilikuwa ganda tupu la Datsun 240Z, wazi kama maji, ambalo binti yake aliyeko ng'ambo alikuwa amempelekea mwanawe. Moja tu, na gharama ya kulileta, nilivyoambiwa, ilikuwa kubwa kiasi cha kutokuwapo la pili.

Wasomaji wengi wamekwisha sikia habari za gari hilo. Mwaka 1971 Datsun 240Z ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari, ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena, mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya namna nyingine. Siku hizo mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, na watoto wa shule walikuwa nyumbani. Mzee alikuwa na miaka 14 mwaka 1971. Alisimama kando ya barabara ya murram karibu na kwao tangu alfajiri, na gari hilo jekundu lenye boneti nyeusi lilimpita mbele ya macho. Asema lilipita kwa muda wa kuhesabu moja na mbili. Kwa sababu ya moja na mbili hiyo aliingia gereji baada ya shule, badala ya kwenda kwa mjomba wake kuuza nguo.

Nilimwuliza kwa nini asilipake mwenyewe, yeye aliye fundi kuliko mimi.

"Vidole vyangu havitetemeki bado," akajibu. "Macho ndiyo yameanza kuniaga, mwalimu."

Ana maradhi ya presha ya macho. Maradhi haya hula nuru kutoka pembeni kuelekea katikati, mara nyingi bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Dawa kazi yake ni kukilinda kilichobaki. Mzee hutia matone kila siku bila kukosa. Alinieleza hali yake kwa maneno ambayo sikuweza kuyasahau nilipokuwa nikifanya kazi. "Nikikutazama nakuona wewe," alisema, "lakini mlango ulio kando yako siuoni. Ni kama kutazama kupitia dirisha ambalo mpira wake unanenepa kila mwaka."

Alitaka kuliona gari lile mara moja tena, akiwa bado anaweza. Na akaweka sharti la fundi: "Usinizungushie mstari mweusi mmoja ukaniambia ndio mpira. Watoto watakuamini. Mimi nimeung'oa mpira wa madirisha kwa mikono hii, nikapaka, nikaurudisha. Naujua."

Tangu jioni hiyo alikuwa akija kila Jumamosi, akaketi kwenye kiti upande wa kulia wangu, maana upande wa kushoto haoni vizuri. Mjukuu naye alikuja, akasimama nyuma yetu. Kijana alikuwa na haja yake mwenyewe, nayo haikufanana na ya babu yake. Yeye alitaka gari la kukimbiza.

Jambo la kwanza alilolitambua mzee ni kwamba gari limenenepa. Alilipima kwa shubiri, akatikisa kichwa. Alisema kweli. Datsun 240Z ilikuwa na upana wa milimita 1,630. Sehemu ya kumi yake ni 163. Lakini fremu ya gari la redio, pamoja na magurudumu yake, huhitaji ganda la milimita 190 au 200, na waliolichonga walilazimika kulitanua. Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi. Akafikiri, kisha akasema, "Basi mwili umekwisha danganya. Madirisha ndiyo yatakayosema kweli." Nami naona hivyo mpaka leo. Jicho husamehe ubavu ulionenepa, hasa likiwa halina gari la kweli la kulinganisha. Lakini ukingo wa kioo ukikosa upana wake, jicho hushtuka hata kwa mtu asiyejua sababu. Katika kipimo cha sehemu ya kumi, milimita moja ni sentimita moja. Mstari wa milimita tatu uliopakwa na mkono mzito ni mpira wenye unene wa vidole viwili, na hapana gari lililopata kuwa na mpira kama huo.

Sasa, madirisha ya Datsun hii yalikuwa na mambo mawili. Fremu za vioo vya milango ziling'aa, na kioo cha mbele kilishikwa na mpira ambao katikati yake ulipita utepe wa madini mwembamba. Yaani ukikitazama kioo cha mbele kutoka nje kuelekea ndani, waona nyekundu ya bati, kisha nyeusi, kisha mng'ao, kisha nyeusi tena, kisha kioo. Na hayo yote katika nafasi isiyozidi upana wa kijiti cha kiberiti. Mtu asiyezoea angedhani ni lazima kupaka mistari mitatu, mmoja kando ya mwingine, na angepatwa na kizunguzungu. Nilipomweleza mzee kwamba tutaanza na cha juu, alicheka kwanza, kama mtu aambiwaye ajenge nyumba kuanzia paa. Kisha akanyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo kromu yautangulia mpira?"

"Naam, mzee. Tutapaka mstari wa fedha peke yake, mwembamba. Ukikauka, tutapaka mweusi mpana nyuma yake, uupite kila upande. Ukitazamwa kutoka nje, ule wa fedha utakuwa katikati."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu itapuliziwa nyuma ya vyote. Ikipita juu ya mweusi haidhuru, kwa kuwa haitaonekana."

Alitikisa kichwa tena, lakini safari hii kwa namna nyingine. Miaka 40 alikuwa ameufunika mpira kwa karatasi na utepe ili rangi isiuguse, na huku nikimwambia kwamba rangi iache imwagike tu. "Laiti ningalijua kupaka magari kwa ndani," alisema, na mjukuu akacheka sana.

Ugumu wa kweli haukuwa katika mistari. Ulikuwa katika weusi wenyewe. Rangi yoyote itazamwayo kupitia plastiki ya polikaboneti hung'aa, hata ikiwa ya namna isiyong'aa, kwa sababu jicho hukutana kwanza na uso laini wa plastiki. Kwa nyekundu ya bati hilo ni neema. Bati la gari hung'aa. Kwa mpira ni uongo. Mpira haung'ai. Wapo wapakaji hodari wanaoukimbia uongo huo kwa kupaka ukingo wa madirisha nje ya ganda, kwa nyeusi iliyofifia, nao hufanana na mpira kabisa. Ila ukingo uliopakwa nje haudumu: utepe ukibanduliwa vibaya huuchukua, kucha huukwaruza, na gari likipinduka mara moja katika changarawe, wanja wote umekwenda.

Hapa babu na mjukuu waliachana. Mzee alisema, "Paka nje." Kijana hakumjibu babu yake, kwa adabu, lakini alinitazama mimi. Nilifahamu: gari lililopakwa nje ni la kuwekwa rafuni. Mzee alitaka kuliona. Na mtu ambaye macho yake yanahesabiwa siku hana sababu ya kujali changarawe za mwaka kesho. Kijana alitaka kulikimbiza, na ganda lilikuwa lake, mama yake alikuwa amemletea yeye. Sikupenda kuwa kadhi katika shauri hilo. Niliwaomba wanipe juma moja.

Katika juma hilo nilichukua ganda langu la zamani, lililovunjika, nikafanya majaribio. Kwanza nilipaka mstari kwa ndani, kisha nikausugua kwa nje kwa msasa laini ili kuuondoa mng'ao. Njia hii ni nzuri kwa mahali papana, na baadaye tuliitumia katika boneti, ambayo katika magari ya mashindano hupakwa nyeusi iliyofifia ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Kwa mstari wa milimita moja haifai: msasa huingia katika kioo na kukiachia ukungu. Kisha nikakumbuka neno alilolisema mzee siku ya kwanza, alipokuwa akisimulia kazi zake, kwamba mpira mweusi upo dukani tu. Ukiisha kukaa juani kwetu miaka miwili huwa na rangi isiyo na jina, nyeusi iliyochoka. Nilichukua rangi nyeusi ya polikaboneti ya kupakwa kwa brashi nikaitia kijivu, tone moja, kisha mawili, mpaka matano, nikapaka mistari mitano nyuma ya ganda lile bovu.

Jumamosi mzee alilichukua ganda bovu, akatoka nalo nje juani. Hakusogeza macho, alilisogeza ganda lenyewe polepole mbele ya uso wake, mstari kwa mstari, kama mtu apitishaye barua mbele ya taa. Alirudi na kidole chake juu ya mstari wa tatu.

"Huu," akasema. "Huu una miaka miwili."

"Wang'aa bado, mzee."

"Wang'aa, lakini umechoka. Mpira uliooshwa asubuhi hung'aa kidogo." Kisha, bila kumtazama mjukuu, akaongeza, "Paka ndani."

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa kifupi, ingawa ilichukua Jumamosi tatu. Ganda huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, maana kutoka kiwandani huja na mafuta yasiyoonekana, na kuanzia hapo hairuhusiwi kulishika kwa ndani. Vioo vyote hufunikwa kwa utepe, na utepe huo hautoki mpaka siku ya mwisho. Mahali pa mstari hufunikwa pia, kisha hukatwa kwa wembe mpya njia mbili zinazokwenda sambamba, na kile kipande chembamba kati yake hubanduliwa kwa ncha ya sindano. Wembe lazima uguse utepe tu. Ukikandamiza, waichora polikaboneti, na mchoro huo ni mwanzo wa ufa; ganda litapasuka hapohapo siku litakapogonga kitu. Pembe za kioo ndizo zenye taabu, kwa kuwa mkono hupenda kusimama pale unapogeuka, na wembe uliosimama huacha kona mahali penye mviringo. Mimi huligeuza ganda, mkono nikauacha ulipo.

Rangi hupakwa nyepesi, mara tatu au nne, na kati ya mara moja na nyingine hungojewa ikauke. Iwapo nzito hutambaa chini ya utepe na kuota vinyweleo. Tulipaka fedha, tukangoja. Tukapaka nyeusi iliyochoka, tukangoja. Tukapaka boneti kwa nyeusi isiyochoka. Ndipo nikapuliza nyekundu, nayo ikaingia nyuma ya vyote bila kuuliza njia. Mwisho nikapuliza nyeupe nyuma ya nyekundu. Hili la nyeupe mjukuu alitaka kujua sababu yake, na babu yake alimjibu kabla yangu: nyekundu ni rangi iliyo nyepesi, hupitisha mwanga, na bila kitu cheupe nyuma yake huonekana kama damu iliyokauka. Hiyo ni sheria moja ya kupaka rangi ambayo haibadiliki, uwe ndani au nje.

Siku ya kuvua utepe walikuja wote wawili kabla ya saa nne. Ganda la polikaboneti, likiwa limekwisha pakwa, huwa na sura mbaya. Ndani lote ni jeupe, lina madoa, na nje limefunikwa na karatasi nyembamba ya plastiki iliyolilinda na rangi ya kupuliza, nayo imechafuka. Mtu asiyejua angelitupa. Niliuvua utepe wa madirisha kwa ndani, mmoja mmoja, nikiuvuta chini kwa pembe kali ili usiinue ukingo. Kisha nikampa mzee aishike ncha ya karatasi ya nje aivute mwenyewe. Ilitoka kwa mlio mrefu.

Sikumwambia neno, wala mjukuu hakusema. Mzee alilileta gari mbele ya uso wake kama alivyofanya na mistari ile mitano, akaanza kulizungusha. Kioo cha mbele kilipita mbele ya macho yake, kona ya kwanza, kona ya pili. Alipitisha ukucha juu ya mstari wa fedha, na ukucha haukukwama mahali, kwa kuwa mstari ulikuwa upande wa pili. Akapitisha tena. Akaligeuza, mpaka akafika kwenye dirisha la mlango, na hapo akasimama kwa muda mrefu.

"Kioo hiki kilikuwa wazi," akasema. "Kulikuwa na mkono hapa juu." Akaugusa ukingo wa dirisha. "Kiwiko. Kilikuwa kimejaa matope mpaka huku. Sijui alikuwa dereva au mwenziwe. Nilikuwa nimekisahau kiwiko hicho."

Mjukuu akamwuliza kama aliweza kuuona uso wa mtu yule. Mzee akasema hapana, aliuona mkono tu, tena kwa muda wa kuhesabu moja na mbili. Kisha akamkabidhi gari.

Jioni hiyo kijana alilitia namba 11 ubavuni, ile iliyochukuliwa na gari lililoshinda, akalikimbiza katika uwanja wa chuo, na katika mzunguko wa tatu au wa nne lilipiga jiwe likapinduka, likateleza juu ya paa lake kiasi cha hatua sita. Mzee hakuliona likipinduka, aliusikia mlio. Aliliita kwake, akalipapasa. Paa lilikuwa limechubuka sana kwa nje, na nguzo moja ya dirisha ilikuwa na mkwaruzo mrefu katika plastiki. Nyuma ya mkwaruzo huo mistari yote mitatu ilikuwa mahali pake. Akamrudishia mjukuu, akamwambia apunguze mwendo kwenye kona, kama vile kila babu amwambiavyo mjukuu mwenye gari.

Tangu hapo amekwisha niuliza habari za Volvo PV544, ile ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo mwaka 1965. Gari hilo hakuliona. Alikuwa mdogo, aliambiwa na kaka yake. Nimemweleza kwamba kioo chake cha mbele ni kimoja kilichopinda, tena madirisha yake ni madogo na paa lina mgongo, kwa hiyo ukingo wake utahitaji wembe wa namna nyingine. Asema tusikawie. Ganda lake sijalipata bado. Kile kichupa cha nyeusi iliyochoka nimekifunga vizuri, nikaandika juu yake idadi ya matone, nikakiweka mahali pasipo na jua ili kisikauke.